Naazima Mbuzi

Bi Mwatime wa ghorofa ya nne alikuwa mzima kupita kiasi, na ndiyo maana nikatumwa kwenda kumtengeneza.

Sifanyi mzaha. Hati ya kazi iliyoingia kwenye simu yangu Jumatatu asubuhi ilisema hivi: Nguzo ya Pili, nyumba namba 412, mkazi mmoja, umri miaka sabini na tisa, siha themanini na nane, kifaa kinashukiwa kuwa kibovu. Jengo lile lina watu mia sita na hakuna mwingine aliyefika hata sabini. Mimi mwenyewe, fundi wa miaka thelathini na sita mwenye meno yangu yote, siku hiyo bangili yangu ilisoma arobaini na tatu. Basi wakubwa wakaona, kama ilivyo desturi ya wakubwa, kwamba palipo na nafuu lazima pana hitilafu.

Naitwa Zaituni Semboja. Nimekuwa fundi wa Tunza tangu siku ilipowashwa, na baadhi ya kanuni inazofuata niliziandika mimi. Kwa asiyeijua, Tunza ni kile kidude cha duara, ukubwa wa sahani ya wali, kilichobandikwa ukutani katika kila nyumba ya majengo ya Nguzo. Bangili mkononi mwako inasoma mapigo ya moyo, joto la ngozi, usingizi na mtetemo wa sauti, kisha kila alfajiri Tunza inajumlisha na kukupa namba moja, kuanzia sifuri hadi mia. Hiyo ndiyo siha yako. Ukipungukiwa kitu chochote, Tunza inasikia, na toroli linalojiendesha linakuletea mlangoni. Tulihamia Nguzo miaka saba iliyopita, bahari ilipoingia mtaani kwetu Ngamiani na kukataa kutoka, na watu waliokuwa wamepoteza kila kitu walilia kwa furaha walipoona nyumba inayowajua kwa majina.

Jumatatu hiyo sikuwa na moyo wa kazi. Asubuhi nilikuwa nimesoma namba ya mama yangu, Bi Mwanamvua, wa ghorofa ya tisa. Thelathini na moja. Mtu akikutwa chini ya thelathini siku ya ukaguzi, haachwi tena nyumbani kwake. Anapelekwa Nyumba ya Utulivu huko milimani, kwenye vitanda vyeupe na muziki wa taratibu. Wanatunzwa vizuri, siwezi kusema uongo. Ila sijamwona aliyerudi. Na ukaguzi ulikuwa Ijumaa.

Mlango wa 412 ulikuwa wazi, umewekewa kinu ili usijifunge.

"Hodi," nikasema. Nilikuwa na ufunguo wa fundi mfukoni, lakini mdomo una mazoea yake.

"Karibu! Pita, ila usinipigie teke sinia."

Bi Mwatime alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, miwani imefungwa kwa uzi kichwani, na mikono yake ilikwenda bila yeye kuitazama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Weye mtoto wa nani?"

"Wa Bi Mwanamvua, wa ghorofa ya tisa."

Mikono ikasimama. "Mwanamvua yule mshona makawa? Wa Barabara ya Kumi na Mbili?"

"Huyo huyo."

"Kumbe yu hai?"

Nilicheka, kisha nikaona hacheki. Miaka saba walikuwa wamelala katika jengo moja, ghorofa tano tu kati yao, na bibi huyu alikuwa amekwisha kumsomea mama yangu dua ya marehemu. Nikajisikia vibaya, nikainama nikaanza kupima bangili yake ili nisiongee. Bangili ilikuwa nzima. Moyo wake ulipiga taratibu, usingizi wake saa saba bila kushtuka. Nikatazama ukutani kutafuta Tunza, nikaona kawa tu, kawa la ukili lenye rangi ya zambarau, la kufunikia chakula, limetundikwa msumarini.

"Bibi, Tunza iko wapi?"

"Chini ya kawa. Nimeifunika kama wali."

"Ukiifunika haisikii."

"Ndiyo maana."

Akanieleza huku anakuna. Mfungo Mosi uliopita, baada tu ya Ramadhani, Tunza yake iliharibika siku mbili. Alikuwa na nazi mkononi, akatafuta mbuzi yake akakuta imevunjika mguu. Toroli halikuja. Basi akatoka, akagonga 409 kwa Mwalimu Kibwana, aliyefiwa na mkewe, kwenda kuazima. "Nikamkuta hajala tangu juzi. Si kwa kukosa! Chakula kimejaa meza nzima. Hana tu wa kumwambia bismillahi. Nikakunia nazi palepale, tukala. Siku ya pili akaja yeye, ati nimsomee barua, macho yake mabovu. Tunza inamsomea barua zake miaka yote hiyo! Mashine ilipopona, mie nikaiwekea kawa, maana ina kiherehere. Mtu akipiga hodi inamjibu yenyewe kabla sijafungua mdomo."

"Kwa hiyo mbuzi hii ni ya Mwalimu?"

"Ya Mwalimu. Yangu aliitengeneza, iko kwa mama mmoja ghorofa ya sita. Ya huyo mama sijui iko kwa nani."

"Lakini bibi, kila nyumba inayopika ilishapewa mbuzi yake."

Alinitazama juu ya miwani, akarudi kwenye nazi yake. Niliandika kwenye hati: kifaa kizima. Sikuandika habari za kawa.

*

Kumbukumbu zote za Tunza zinawekwa ofisini kwetu, chini kabisa ya jengo. Jumanne nilifika mapema, nikaifungua miezi ya mwanzo, nikatafuta neno moja: azima.

Mwezi wa kwanza lilitamkwa milangoni mara elfu kumi na moja. Naazima mbuzi, naazima sindano, naazima ngazi, niazime kijiko cha chumvi. Tuliposikia hivyo tulishtuka, maana tulidhani watu wana dhiki. Wiki ile ya kwanza Tunza ilikuwa haijakomaa, ikamletea Mwalimu Kibwana beberu mzima mwenye pembe, kwa sababu alisema anataka kuazima mbuzi. Barua yake ya malalamiko haikuwa juu ya beberu aliyekula pazia. Ilikuwa juu ya ngeli. Tukaifundisha Tunza tofauti ya "mbuzi wako" na "mbuzi yako", tukapongezana.

Kisha ikaja kanuni iliyomaliza shida zote. Kitu kikiazimwa mara mbili na nyumba moja, nyumba hiyo ipewe chake. Ofisini tuliiita Kanuni ya Mara Mbili. Ilisifiwa sana, aliyeiandika akapewa cheti, na cheti hicho kipo ukutani kwangu hadi leo, kwenye fremu ya kioo.

Baada ya miezi sita, azima lilitamkwa mara tatu kwa mwezi. Baada ya mwaka, kimya. Nikaweka mstari wa azima na mstari wa siha kwenye kioo kimoja. Ilishuka pamoja, ukichelewa wa siha kwa miezi michache tu.

Nilikaa pale nikiitazama, na nikakumbuka jambo la utotoni. Nilikuwa na miaka sita au saba. Mama aliniambia, "Nenda kwa Bi Mwatime ukaniazimie mbuzi." Nikamwambia, "Mama, si ile pale nyuma ya mlango?" Akanifinya sikio. Wakati ule niliona nimeonewa. Bi Mwatime! Nilikuwa nimesahau hata jina lake. Yaani mimi, mtoto wa Ngamiani niliyetumwa kuazima mbuzi tukiwa na mbuzi, ndiye niliyekwenda kukifundisha chuma kwamba anayeazima amekosa.

*

Wazo lililonijia lilikuwa la kijinga, lakini ukiwa na siku tatu kila wazo lina sura ya hekima. Kama kuazima ndiko kulikowaponya, basi mama akose kitu.

Jioni nilipanda ghorofa ya tisa. Mama alikuwa amekaa anatazama dirisha, mikono mapajani. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na njaa, wala baridi, wala deni la mtu. Alikaa kama aliyewahi stendi na basi lenyewe limefutwa.

"Mama, mbuzi yako imekuwa butu. Nipe nikaichukue ikanolewe."

Alinitazama kidogo. "Chukua."

Nikaichukua, na nilipofika ofisini nikaiamuru Tunza yake isimletee nyingine. Jumatano adhuhuri nikarudi mbio kuona ameazima kwa nani. Nilimkuta anakula wali mkavu na maharage ya maji.

"Mama, si ungeazima mbuzi kwa jirani?"

"Nikamwombe nani?" Hata hakukasirika. "Kila mtu anajua kila mtu anacho. Nikipiga hodi naomba mbuzi wataniona nimeanza kupotewa na akili. Nitakula hivi hivi."

Bangili yake ilisoma ishirini na nane.

Nilipanda lifti nikabonyeza namba yoyote, na milango ilipojifunga nikalia. Nilikuwa nimemnyang'anya mama yangu mbuzi, nikamwongezea aibu juu ya upweke, na Ijumaa walikuwa wanamjia kwa kiti cha magurudumu.

*

Bwana Mhina, mkuu wetu, si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia kazi. Ni mtu mpole anayefuta miwani yake wakati wa kusikiliza, na mama yake mzazi yuko Nyumba ya Utulivu mwaka wa tatu sasa. Nilimwonyesha ile mistari miwili. Alifuta miwani muda mrefu.

"Zaituni, unajua umegundua nini? Basi tuvifiche."

"Tufiche nini?"

"Vitu. Kila nyumba ikose kitu kimoja kwa zamu. Tunza iseme kimeharibika, na iwaelekeze kwa jirani aliye nacho. Watu mia sita, na wakipona hawa, mji mzima. Andika kanuni hiyo, niipate kesho mchana."

"Na wakituuliza?"

"Hawatauliza. Lini wameuliza?" Akavaa miwani. "Nimeiona namba ya mama yako. Aliye kwenye jaribio hakaguliwi. Ukiwasha kesho, Ijumaa hiyo haitamhusu."

Sitajifanya malaika. Niliiandika. Mistari kumi na sita, ilinichukua chini ya saa moja, na ilikuwa safi kuliko kanuni yoyote niliyowahi kuandika. Alhamisi asubuhi niliketi mbele yake kidole kikiwa juu ya kitufe. Mama angebaki nyumbani. Watu wangegongeana milango. Wangecheka, wangekula pamoja, na siha zao zingepanda, yote kwa sababu ya chuma kinachowadanganya kwa sauti tamu. Ni nani angeumia?

Kidole hakikushuka. Nikanyanyuka nikapanda ghorofa ya nne.

Bi Mwatime alinisikiliza hadi mwisho, habari za mbuzi ya mama, za kanuni mpya, za Ijumaa. Nilipomaliza akasema:

"Mama yako alikuwa akikutuma kwangu kuazima mbuzi."

"Nakumbuka."

"Mbuzi alikuwa nayo."

"Nakumbuka, bibi. Kwa hiyo na yeye alikuwa anadanganya. Tofauti iko wapi?"

"Alimdanganya nani?" Akaniangalia kama mtu anayemtazama mpishi aliyeunguza maji. "Mie nilijua anayo. Yeye alijua kwamba najua. Ukifika na nywele hazijasukwa, najua Mwanamvua hajiwezi leo, natia kanga begani nakuja. Usipokuja siku tatu, najua kuna jambo, namtuma mwanangu kuazima kwenu. Uongo ni pale mmoja anajua na mwingine hajui. Hiki wote tunakijua, hii ni adabu. Sasa hicho chuma chenu kitajua nini? Na mama yako atajua nini? Atajua kaharibikiwa, basi."

Akasukuma sinia kando.

"Halafu umekosea pa kuanzia. Umemfanya mtu mnyonge akaombe. Mnyonge haombi, mwanangu, mnyonge hujificha. Mpe wa kumwomba yeye."

Akasimama, akapanda juu ya kigoda, akalitungua kawa kutoka msumarini. Tunza ikapepesa taa yake, ikasema kwa furaha, "Habari za asubuhi, Bi Mwatime! Ni muda mrefu—"

"Nyamaza," akasema Bi Mwatime, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi kawa lile lilivyofumuka ukingoni, ukili umeachana karibu shubiri nzima.

*

Mlangoni kwa mama nilisimama nyuma ya Bi Mwatime.

"Hodi!"

"Karibu, Bi Mwatime wa 412," ikajibu Tunza kutoka ndani. "Tafadhali taja unachohitaji."

"Namtaka mwenye nyumba."

"Mkazi anapumzika. Tafadhali taja unachohitaji, nawe utaletewa."

Bi Mwatime akageuka kuniangalia. Ni mimi niliyeandika sentensi ile, na naapa nilidhani ni ya upole.

"Kawa langu limefumuka," akasema kwa sauti ya kusikika vyumba vitatu. "Nataka kushonewa."

Tunza ilinyamaza. Taa ya mlangoni ikazunguka, ikazunguka. "Samahani. Kifaa hicho hakimo kwenye orodha. Tafadhali taja kwa jina lingine."

"Halina jina lingine. Kawa!"

"Samahani. Kifaa hicho—"

Ndani kandambili zikaburura sakafu. Zilikuja polepole, zikasimama, zikaja tena. Mlango ukafunguliwa. Mama alikuwa amevaa kanga yake ya nyumbani, nywele hazijasukwa.

"Nani huyo anasema kawa?"

"Mie."

Walitazamana. Nilitegemea vilio, nilishaandaa leso. Lakini mama aliinamisha macho kwenye kawa, akalichukua mkononi mwa mwenzake bila kuomba, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Hili lilifumuka, mtu akalishona tena hapa. Nani huyu?"

"Mwalimu Kibwana."

"Kakaza uzi kama anafunga gunia la mkaa!" Sauti yake ilipanda, na ilikuwa sauti ya Barabara ya Kumi na Mbili, ambayo sikuisikia kwa miaka. "Ukili haukazwi hivyo, unakatika. Ingia ndani, Mwatime, unasimama mlangoni kama mdai. Zaituni, lete sindano kubwa, ile ya gunia. Halafu sitaweza bila miyaa ya kusukia ukili. Nani ana miyaa humu ndani ya hili jumba?"

"Yupo mtu ghorofa ya pili ameotesha mkindu kwenye ndoo," akasema Bi Mwatime. "Tutamwomba."

"Tutamwomba," mama akasema, kama neno la kawaida tu.

Nilikaa sakafuni nikawatazama. Bi Mwatime alimwambia mama kwamba alidhani amekufa, mama akasema na yeye alidhani hivyo hivyo. Hapo ndipo walipolia kidogo, kisha wakacheka, kisha wakamsema Mwalimu Kibwana na mshono wake. Nilipopata nafasi nilikiri.

"Mama, mbuzi yako haikuwa butu."

"Najua. Weye huwezi kunoa hata kisu."

"Sasa mbona ulinipa?"

Alikuwa anatunga uzi, sindano karibu na jicho. "Kila asubuhi nakuona kwenye hicho kioo cha Tunza ukutani, shikamoo mama, umeshakwenda. Siku ile ulikuja na miguu yako. Ungetaka na kabati ningekupa."

Hilo liliniingia mahali ambapo bangili haifiki. Nilikwenda ofisini nikaichukua mbuzi, nikairudisha, nikaiweka kwa mikono yangu mwenyewe juu ya kabati la jikoni, upande wa kushoto.

*

Saa sita na nusu mchana nilikuwa mbele ya Bwana Mhina. Nilimwambia ile mistari kumi na sita nimeifuta, na Kanuni ya Mara Mbili nimeifuta pia, na mahali pake nimeandika mstari mmoja: Mlangoni pakisikika hodi, Tunza inyamaze.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

"Na kama hakuna atakayepiga hodi?"

"Hapo tutakuwa tumejua ukweli. Lakini siwadanganyi watu kwa ajili ya afya yao. Nilimfanyia mama na akapungua namba tatu kwa siku moja."

Alifuta miwani. "Hili si jaribio nililokuruhusu, Zaituni. Siwezi kumwondoa mama yako kwenye ukaguzi."

"Najua."

"Jengo moja," akasema, nilipokuwa nimeshika kitasa. "Mwezi mmoja. Halafu tuzungumze."

Ijumaa saa tatu mkaguzi alikuja, dada mmoja nadhifu mwenye kiti cha magurudumu na karatasi zilizokwisha kujazwa nusu. Tulifungua mlango wa mama, ndani hakuna mtu. "Mkazi ametoka," ikasema Tunza. "Hakuaga." Nikaona dada yule hajui la kufanya, maana katika kazi yake hakuna aliyewahi kutoka.

Tuliwakuta 409. Mlango wazi, sakafu imejaa miyaa ya kijani na zambarau, na mama amekaa katikati anamfundisha Mwalimu Kibwana kushona kwa kugusa, kwa kuwa macho hayaoni. Alikuwa anamgombeza. Mwalimu alikuwa anamrekebisha ngeli. Bi Mwatime alikuwa jikoni na nazi.

"Bi Mwanamvua, wa ghorofa ya tisa?" akauliza mkaguzi.

"Ndiye mimi. Kaa basi, mwanangu, usimame na hicho kiti kitupu kwa nini?"

Dada yule alisoma bangili. Alisoma tena, akaipangusa kwa kitambaa, akasoma mara ya tatu. Thelathini na nne. Akanitazama, akatazama miyaa, akaandika kwenye karatasi yake kwa mwandiko mzuri: kifaa kinashukiwa kuwa kibovu, aitwe fundi. Kisha, kwa kuwa nazi ilikuwa inanukia na kiti kilikuwa kitupu, akakaa.

Jumamosi nilimwona Bwana Mhina akipanda basi la milimani. Alikuwa amevaa shati lisilo na kifungo cha pili. Kifungo chenyewe, aliniambia kwa aibu, kilikuwa mfukoni, pamoja na sindano. Anakwenda kumwomba mama yake amshonee.

*

Haikuwa miujiza. Wiki ile hodi zilisikika kumi na tisa tu katika jengo la watu mia sita, na tano kati ya hizo zilikuwa za Bi Mwatime. Kuna mzee wa ghorofa ya kumi na moja aliyelalamika kwamba Tunza yake imekuwa bubu. Kuna milango iliyogongwa isifunguliwe. Lakini ninayo mistari ile miwili kwenye kioo changu, na ule wa azima umeinua kichwa kidogo, kama mtu anayesikia anaitwa na hana hakika.

Jumapili alasiri nilikuwa nyumbani, ghorofa ya kumi na nne, nimelala kitandani na viatu. Mimi hula kantini. Jiko langu halijawahi kuwaka, na ndani yake mna glasi mbili na birika. Bangili yangu ilisoma arobaini na moja. Miaka saba nimezichunguza namba za watu wote na sijawahi kujiuliza hiyo yangu inamaanisha nini.

"Hodi."

Taa ya mlangoni ilipepesa, ikanyamaza, kama nilivyoiamuru. Nikafungua. Mama alikuwa amesimama pale na nazi mkononi, nywele zimesukwa mistari sita, anahema kwa sababu hakutaka lifti. Hajawahi kufika kwangu tangu tuhamie.

"Mwanangu, naazima mbuzi."

Mbuzi yake ilikuwa juu ya kabati la jikoni kwake, upande wa kushoto. Niliiweka mimi. Aliniona nikiiweka. Alinitazama usoni bila kupepesa, macho yanamcheka, na nikaona anatazama viatu vyangu, kitanda nyuma yangu, na jiko lile tupu.

Mimi sina mbuzi. Sijawahi kuwa nayo maishani mwangu.

"Ninayo, mama," nikasema. "Karibu ndani."